Mawazo Yakizidi, Tufanye Nini?

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni kubwa iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana. Baada ya hapo walichimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Walijifunza habari za malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Baadhi ya wazee wanaosoma ukurasa huu wanaikumbuka. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini vyoo vilivyochimbwa wakati ule viliwafaa wazazi wetu.

Leo tutasoma habari ya jambo ambalo halionekani kwa macho kama dimbwi la maji. Huwezi kulifyeka kwa panga. Hata hivyo linawaleta watu wengi zahanati. Jambo hilo ni mawazo yanayozidi. Wataalamu huliita msongo wa mawazo. Wengine husema, "Nina mawazo mengi," au, "Moyo wangu hautulii." Maneno ni tofauti, jambo ni moja.

Kipimo hakioni kitu

Mtu anafika zahanati asubuhi. Anasema, "Daktari, kichwa kinauma. Mabega yanauma. Usiku silali. Moyo unakwenda mbio." (Wananchi hutuita sote daktari, ingawa wengine wetu tuna cheti tu.) Tunampima malaria, hana. Tunampima damu, inatosha. Tunampima presha, imepanda kidogo au iko sawa.

Tukimwambia kwamba kipimo hakioni malaria, huwa hafurahi. Hudhani kipimo ni kibovu. Anatoka pale, anakwenda duka la dawa, ananunua dawa za maumivu. Anazimeza leo, kesho na kesho kutwa. Dawa hizo zikimezwa ovyo kila siku huharibu tumbo, na nyingine huumiza figo. Kichwa bado kinauma.

Lakini tukimwuliza, "Nyumbani hali ikoje?" ananyamaza. Anatazama chini. Kisha anaanza kusema. Kuna deni. Kuna mtoto aliyefukuzwa shule kwa sababu ya michango. Kuna mume aliyekwenda Tunduma kutafuta kazi na hajatuma habari miezi mitatu.

Je, mtu huyu anajifanya mgonjwa? Hapana. Kichwa chake kinauma kweli. Tusimcheke wala tusimwambie kwamba hana kitu. Ana kitu, ila hakiko kwenye tone la damu.

Mwili unapojiandaa kukimbia

Tuseme unatoka shambani jioni. Nyasi ni ndefu. Ghafla unamwona nyoka mbele ya mguu wako. Kabla hujawaza neno lolote, moyo umeanza kupiga kwa nguvu. Pumzi inakwenda haraka. Mdomo umekauka. Misuli imekaza. Umeruka nyuma hata hujui umerukaje.

Kazi hiyo hufanywa na mwili wenyewe. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo. Ubongo ukiona hatari, huziamuru tezi hizo kumwaga kitu kiitwacho adrenalini katika damu. Kitu hicho huufanya moyo upige haraka ili damu nyingi ifike kwenye misuli. Sukari nayo huongezeka katika damu ili upate nguvu. Tumbo huacha kazi yake kwa muda, maana huu si wakati wa kusaga ugali. Mwili mzima unajiandaa kupigana au kukimbia.

Nyoka akiondoka, baada ya muda mwili hupoa. Unakaa, unacheka, unawasimulia wenzako.

Sasa, deni si nyoka. Deni haliondoki jioni. Unalala nalo, unaamka nalo. Lakini ubongo haujui sana kutofautisha hatari ya nyoka na hatari ya mtu anayekudai. Huendelea kuuamuru mwili ujiandae. Siku ya kwanza, ya pili, wiki ya tatu, mwili uko tayari kukimbia, na hakuna pa kukimbilia. Misuli ya shingo na mabega imekaza muda wote, kwa hiyo kichwa kinauma. Tumbo limevurugika, kwa hiyo hutamani chakula, au unaharisha. Ubongo unalinda zamu, kwa hiyo usingizi haupati nafasi.

Ndiyo maana kumwambia mtu mwenye mawazo, "Acha mawazo," ni sawa na kumwambia mwenye malaria, "Acha homa." Hawezi kuacha kwa kuamriwa. Anahitaji njia.

Mawazo yana msimu

Hapa kwetu Chitete mawazo yana msimu kama mvua. Mwezi wa Januari chakula ghalani kimepungua. Shule zimefunguliwa, watoto wanataka daftari na sare. Mahindi yanataka mbolea. Wakati huohuo mkulima anatakiwa kupanda ufuta. Fedha hana. Anakopa. Wengine huuza mahindi yakiwa bado machanga shambani, kwa bei ndogo kabisa. Wengine huchukua ile mikopo inayoitwa kausha damu, na jina lenyewe linatosha kutuonya.

Kuna pia mambo yasiyo na msimu. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia Tanzania na kutafuna mahindi. Mwaka huohuo serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na sisi tulio karibu na mpaka wa Tunduma tunajua mkulima husikiaje soko linapofungwa. Tangu Wilaya ya Momba ianzishwe mwaka 2012, na Chitete kuwa makao makuu yake, viwanja navyo vimekuwa na bei. Penye bei, ndugu hugombana.

Nasema haya ili usijione kwamba ni wewe peke yako uliyeshindwa na maisha. Jirani yako aliyekusalimu asubuhi kwa kicheko, huenda naye hakulala.

Daftari na kalamu

Ndugu msomaji, umejua kusoma na kuandika. Wengine mmejifunza mkiwa watu wazima, baada ya kazi za shamba, na hiyo si kazi ndogo. Basi tumia kalamu hiyo kujitibu.

Mawazo yakiwa kichwani huzunguka kama ng'ombe wanaopura mtama. Yanazunguka palepale. Ukiwaza deni, linakuja shamba. Ukiwaza shamba, anakuja mtoto. Ukimwaza mtoto, unarudi kwenye deni. Ukiyaandika, yanasimama. Unaweza kuyahesabu.

Kaa mahali penye utulivu. Chukua ukurasa mmoja. Andika kila jambo linalokusumbua, kila jambo kwenye mstari wake. Usijali mwandiko wala makosa, kwa maana hakuna mwalimu atakayesahihisha. Tuseme umeandika hivi:

Deni la shilingi 60,000 kwa mwenye duka.
Mvua imekata.
Mtoto hana viatu vya shule.
Shemeji alinisema vibaya msibani.
Mgongo unauma.

Sasa soma mstari mmoja mmoja. Jiulize, "Je, kuna jambo ninaloweza kulifanya wiki hii?" Mvua huwezi kuileta. Weka alama, uiache. Haina maana kwamba mvua si muhimu. Maana yake ni kwamba kukesha ukiiwaza hakuongezi hata tone.

Halafu chagua jambo moja tu. Watu wengi hukosea hapa. Wanataka kumaliza yote siku moja, wanashindwa, kisha wanakata tamaa zaidi. Chagua moja, hata kama si lile kubwa kuliko yote. Tuseme umechagua deni.

Chini yake andika njia zote unazoweza kuzifikiri, hata zile zinazoonekana za kijinga. Kuuza kuku wawili. Kumwomba mwenye duka nilipe kidogo kidogo. Kufanya kibarua cha kupalilia. Kumkimbia mwenye duka. Kumwomba kaka aliyeko Vwawa. Ukishaandika, futa zile zisizofaa. Kumkimbia mwenye duka haifai, maana kijiji ni kimoja na chumvi ni yake.

Sasa panga. Usiandike "nitamwona mwenye duka." Andika siku, saa na maneno. "Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi, nitamwambia: Mzee, sijakusahau. Leo nina shilingi 10,000. Zilizobaki nitalipa baada ya kuuza ufuta." Jumapili fungua tena daftari, uone imekuwaje. Kama amekubali, andika. Kama amekataa, rudi kwenye orodha ya njia, uchague nyingine.

Mtu anaweza kuuliza, "Je, karatasi italipa deni?" Haitalipa. Lakini aliyemwona mwenye duka Jumamosi hulala vizuri zaidi kuliko aliyepita njia ya nyuma mwezi mzima ili asionekane. Deni ni lilelile, usingizi si uleule.

Benchi la mabibi wa Harare

Njia hii ya kuchagua jambo moja na kulipangia siku haikutungwa na mimi. Imejaribiwa, na mahali ilipojaribiwa si mbali sana kwa mtu wa Tunduma. Madereva wa malori wanaijua njia: unavuka Nakonde, unapita Lusaka, unavuka Chirundu, unafika Harare, mji mkuu wa Zimbabwe.

Katika mji huo kuna daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda vya maskini wengi mijini. Watu walipoteza makao na kazi. Mawazo yalizidi. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno, wauguzi walikuwa na kazi nyingi, na zahanati hazikuwa na chumba cha ziada. Mwaka 2006 Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare. Alipewa watu 14 wa kumsaidia. Wote walikuwa mabibi waliokuwa wakifanya kazi ya kujitolea ya afya mtaani.

Mabibi hao hawakuwa madaktari. Walifundishwa kuuliza maswali 14 kuhusu usingizi, machozi, woga na mawazo ya kutaka kufa. Walifundishwa kusikiliza bila kukatiza. Waliwekewa benchi la mbao nje ya zahanati, chini ya mti. Mtu mwenye mawazo alikaa hapo na bibi, wakazungumza. Bibi hakumwambia, "Fanya hivi, fanya vile." Alimwuliza, "Katika haya yote, tuanze na lipi?" Mgonjwa mwenyewe alichagua, akapanga, akarudi wiki nyingine kueleza. Walikaa hivyo hadi mara sita.

Mwanzoni kazi hiyo ilipewa jina la kitabibu, lakini mabibi walijua watu wao. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Watu walilielewa mara moja. Hakuna aliyetaka kuitwa mgonjwa wa akili, ila kila mtu alikubali kwamba anawaza mno.

Baadaye wataalamu waliipima kazi hiyo kwa makini, katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Miezi sita baada ya kuanza, katika kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida tu, karibu 50 bado walikuwa na dalili za sonona. Katika kila 100 waliokaa na mabibi, walikuwa karibu 14. Sonona ni ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Kazi hiyo imefika pia Malawi na Zanzibar. Sisi hatuna budi kungoja benchi la Harare? Miti ya kukaa chini yake tunayo. Bibi na shangazi wenye busara tunao. Kinachotupungukia, kwa maoni yangu, ni kunyamaza. Tunapenda mno kutoa ushauri. Mtu hajamaliza sentensi ya pili, sisi tumeshampa hadithi ya binamu yetu ambaye shida yake ilikuwa kubwa zaidi.

Mwenzako akija kukueleza, fanya hivi. Acha kazi ya mkono au mkae mkiifanya pamoja, kama kuchambua mboga. Mwache aseme. Akinyamaza, nawe nyamaza kidogo. Kisha rudia kwa maneno yako ulichosikia: "Kwa hiyo kinachokuumiza zaidi si fedha, ni kwamba kaka yako hakukushirikisha." Akisema, "Naam, ndiyo hivyo," umemsaidia kuliko ushauri kumi. Na alichokuambia kibaki hapohapo. Siri ikifika kisimani, hatakueleza tena, wala hatamweleza mtu mwingine yeyote.

Nguo ya juu ni hasira

Tuje nyumbani. Baba ametoka kuuza ufuta. Bei aliyoipata si ile aliyoitarajia. Njia nzima amekuwa akipiga hesabu, na hesabu haitoshi. Anafika. Mama anasema, "Baba watoto, karibu. Chumvi imekwisha."

"Kila siku chumvi! Kwani mimi naokota fedha?"

Mama ananuna. Mtoto anamwaga maji kwa bahati mbaya, anapigwa kofi. Usiku kila mtu anageukia ukuta wake. Je, ugomvi huo ulikuwa wa chumvi? Sivyo.

Hasira mara nyingi ni nguo ya juu. Ukiivua, ndani utakuta kitu kingine. Kwa baba huyu ndani kulikuwa na aibu: alikuwa ameahidi viatu. Kulikuwa na woga: mwakani itakuwaje? Kulikuwa na uchovu na njaa pia, maana alikuwa hajala tangu asubuhi.

Kujua kilicho ndani ya hasira yako, kukizuia kisiharibu, na kutambua kilicho ndani ya mwenzako, huo ni ujuzi. Wataalamu huuita akili ya hisia. Mtu hazaliwi nao wote. Hujifunza, kama ulivyojifunza herufi. Lugha yetu ina maneno mengi ya kutusaidia: hasira, huzuni, woga, aibu, wivu, uchungu, kinyongo, fadhaa, majuto, upweke. Jioni jiulize, "Leo nimekuwa na lipi?" Liandike. Mtu anayejua kwamba ana aibu hatapiga mtoto kwa sababu ya maji.

Tumrudishe baba yule mlangoni. Mama anasema chumvi imekwisha. Baba anahisi moto unapanda kifuani. Hajibu. Anaweka mzigo chini, anavuta pumzi. Kisha anasema, "Mama, leo nimerudi na uchungu. Bei imenivunja moyo. Si wewe. Ngoja nioge, nile, ndipo tuzungumze." Chumvi bado haipo, fedha ni zilezile, lakini sasa wako wawili mbele ya shida moja.

Mama naye ana sehemu yake. Mumewe akiingia bila salamu na uso umekaza, habari ya chumvi inaweza kungoja nusu saa. Lakini niseme wazi: kusoma uso wa mumeo si sawa na kuishi kwa kumwogopa. Mtu anayepiga hana haki ya kusema, "Ni mawazo." Wanaume wengi wana madeni na hawapigi. Ukipigwa, usifiche. Nenda kwa viongozi wa kijiji, polisi au zahanati.

Kuhusu kuvuta pumzi, jaribu sasa hivi ukiwa unasoma. Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Vuta pumzi kwa pua, ukihesabu moja hadi nne. Itoe polepole, ukihesabu moja hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano. Pumzi inapotoka polepole, ubongo hupata habari kwamba nyoka ameondoka, na moyo hupunguza mwendo. Wengi huusikia mshipa ukitulia. Haigharimu hata senti, na unaweza kuifanya ukiwa kwenye foleni ya mashine bila mtu kujua.

Pombe nayo tuiseme. Mtu mwenye mawazo hupenda kusema, "Ngoja nikanywe nisahau." Iwe kimpumu, gongo au ya chupa, pombe humletea usingizi upesi, kisha humwamsha usiku wa manane, moyo ukienda mbio kuliko jana. Na fedha ya kupunguza deni imebaki kilabuni.

Kwa akina mama nina neno moja. Vitabu vingi husema mazoezi ya mwili hupunguza mawazo, na ni kweli. Lakini mama wa Chitete anayechota maji, kupalilia na kubeba kuni hahitaji kukimbia mchakamchaka. Anachohitaji ni mtu wa kumpokea ndoo, akae nusu saa.

Sumu ya shambani

Ndugu msomaji, sehemu hii isome taratibu, na kama una mtu nyumbani asiyejua kusoma, msomee.

Kuna watu ambao, mawazo yakizidi, hufikiri kujiua. Hatupendi kulisema jambo hili. Lakini kulinyamazia hakujaokoa mtu. Duniani, wanaume hufa kwa njia hiyo zaidi ya wanawake. Nadhani neno "jikaze, wewe ni mwanamume" lina sehemu yake hapo, kwa sababu aliyefundishwa kujikaza hajui pa kulilia.

Wengi waliookolewa wameeleza kwamba kutoka kuwaza hadi kutenda haikupita hata saa moja. Ilikuwa saa ya ugomvi, ya aibu au ya ulevi. Saa ile ikipita, mtu huona njia nyingine. Kwa hiyo kazi yetu ni kuipitisha saa ile salama.

Nchi ya Sri Lanka ni ya wakulima kama sisi. Huko watu wengi walikuwa wakifa kwa sumu za mashambani. Serikali yao ilipiga marufuku zile zilizo kali zaidi, moja baada ya nyingine. Kati ya mwaka 1995 na 2015, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban 70 katika kila 100. Madeni ya wakulima hayakuisha, wala ndoa hazikuacha kugombana. Ila sumu haikuwa karibu saa ile ilipofika.

Tazama nyumba yako. Dawa ya kuua wadudu ya ufuta na mahindi iko wapi? Kama iko chini ya kitanda au kwenye dari, iondoe leo. Iweke kwenye sanduku lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala, na ufunguo akae nao mtu mmoja mwenye utulivu. Nunua kiasi cha msimu tu. Chupa tupu usiitumie kwa mafuta wala maji. Kama mtu wa nyumba yako yuko katika kipindi kigumu, ipeleke dawa hiyo kwa jirani unayemwamini.

Na ukiwa na wasiwasi juu ya mtu, mwulize waziwazi: "Ndugu yangu, je, umefikia kuwaza kufa?" Kuuliza hakumpi wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu, kwamba hatimaye kuna mtu anayeweza kusikia. Akisema ndiyo, usimhubirie na usimwache peke yake. Kaa naye, mwite mtu mwingine anayempenda, mje naye zahanati siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku.

Lini uje zahanati

Usingoje hadi hapo. Njoo kama huzuni imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Njoo kama huli, hulali, hufurahii tena jambo lolote, au unajiona huna maana. Mama aliyejifungua karibuni na anayelia bila sababu, au asiyetaka kumshika mtoto, aletwe mapema. Hajarogwa wala si mvivu, na ugonjwa huo unatibika. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii aletwe mara moja. Kama familia inataka pia kumwombea au kuwaona wazee, ni hiari yao, lakini mgonjwa asiachishwe dawa wala asifungwe kamba.

Njoo pia kwa sababu mwili una hila. Moyo kwenda mbio na kuchoka huweza kuwa upungufu wa damu, sukari au ugonjwa mwingine. Lazima tupime kwanza ndipo tuseme ni mawazo. Tukiona jambo linatuzidi, tutakuandikia rufaa. Mtu hapelekwi moja kwa moja Mirembe kule Dodoma, kama wengi wanavyoogopa. Wengi hutibiwa karibu na nyumbani, wakilala kwao.

Najua kinachowazuia wengine. Benchi la zahanati lina masikio. Unakaa na jirani kulia na shemeji kushoto, na ukiulizwa unaumwa nini, unasema "kichwa." Basi andika nyumbani kwenye kipande cha karatasi: "Nina mawazo mengi. Naomba tuzungumze faragha." Kiweke ndani ya daftari lako la matibabu. Ukifika, mpe mhudumu daftari hilo, ukae, usubiri kuitwa.